Je, daftari la michango ndilo ushirika? Swali la mhazini wa jumuiya

Mhazini wa Jumuiya (mtoa mada)

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kulifikiri jambo ambalo limeninyima raha tangu Jumamosi iliyopita. Mimi ni mhazini wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo katika parokia moja ya Dar es Salaam, na huu ni mwaka wangu wa tatu katika kazi hiyo. Tunakutana kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Tunasali, tunasoma Injili ya Jumapili inayofuata, anayetaka kusema neno husema, kisha mwenyekiti huniita mimi. Hapo ndipo ninapofungua daftari na kusoma: tegemeza (mchango wa kuiendesha parokia), ujenzi, rambirambi, mchango wa sherehe ya somo wa jumuiya, yaani mtakatifu msimamizi wetu, na mwishoni majina ya wanaodaiwa. Injili huchukua kama dakika kumi na tano, na daftari huchukua dakika arobaini.

Jumamosi hiyo nilisoma jina la mama mmoja muuza vitumbua ambaye hajalipa chochote kwa miezi saba. Mtu mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama mama huyo yu mzima, na hakuna aliyejua, ingawa nyumba anayopanga iko mtaa wa pili kutoka pale tulipokuwa tumekaa. Mwenyekiti akasema, tena alisema bila ubaya wowote moyoni, kwamba asipolipa asije akashangaa siku atakapohitaji barua ya jumuiya kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu wake. Nikaandika deni, nikafunga daftari, tukasali sala ya kufunga, tukanywa chai.

Nilipofika nyumbani nikafungua Matendo ya Mitume 2:42, mahali panaposema kwamba waamini wa kwanza walidumu katika fundisho la mitume, na katika ushirika, na katika kuumega mkate, na katika kusali. Fundisho tunalo, mkate tunaumega kanisani, na kusali tunasali. Hilo la pili ndilo linalonisumbua. Ushirika ni nini hasa? Ni hizi dakika arobaini? Kama sizo, basi unaonekanaje kwa watu wa mjini wanaotoka alfajiri na kurudi usiku, na ambao hawakuchaguana bali wamekutanishwa na mipaka ya mtaa? Siulizi ili kuilaumu parokia, kwa maana najua bati la kanisa halikujipandisha lenyewe juu ya kuta.

Mwinjilisti Mstaafu

Bwana Yesu asifiwe, ndugu Mhazini. Mimi ni Mlutheri wa Kilimanjaro, na nimefurahi kukuona unaanza na neno lenyewe, kwa sababu neno hili sisi tunalitamka kila siku bila kulisikia. Katika KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mahali mnapoita parokia sisi tunaita usharika, na watu wake ni washarika. Marehemu baba yangu aliposikia neno ushirika hakufikiri kanisa hata kidogo. Alifikiri kahawa, kwa kuwa chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilianza mwaka 1933 na yeye alikua akipeleka magunia kwenye chama. Zamani nilidhani hayo ni mambo mawili yaliyoangukia neno moja kwa bahati, lakini sasa nadhani wazee waliotafsiri Biblia walichagua vizuri kuliko walivyojua.

Neno la Kigiriki lililo nyuma ya ushirika ni koinonia, na halianzii kwenye hisia za kupendana. Ukisoma Luka 5:10 utaona Yakobo na Yohana wakiitwa washirika wa Simoni, na hapo maana yake ni wenzake wa kazi ya uvuvi: watu wanaofaidika pamoja samaki wakipatikana na kulala njaa pamoja wasipopatikana. Paulo analichukua neno la ukoo huohuo katika 1 Wakorintho 10:16 na kusema kikombe ni ushirika wa damu ya Kristo na mkate ni ushirika wa mwili wake. Kisha, na hapa naomba uketi vizuri, katika Warumi 15:26 anasema watu wa Makedonia na Akaya walipenda kufanya changizo kwa ajili ya maskini walio Yerusalemu. Neno lililotafsiriwa changizo ni koinonia ileile.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza litakushangaza: mchango ni ushirika. Mtume hakuwa na neno moja la roho na neno jingine la fedha. Tena Paulo alikuwa mhazini mwenye hofu kama wewe, maana katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba hakutaka kuzibeba fedha hizo peke yake, akafuatana na ndugu wengine ili pasiwe na mtu wa kumlaumu. Tofauti ninayoiona kati ya daftari lake na lako ni mwelekeo wa fedha. Changizo lile lilitoka kwa wenye nafuu likaenda kwa walioishiwa. Kwenu ninyi aliyeishiwa ndiye anayesomwa jina.

Niongeze kidogo, ingawa natoka nje ya njia: shina hilohilo la Kiarabu ndilo lililotupa pia neno ushirikina, yaani kumpa mwingine fungu lililo la Mungu. Lugha yetu inajua kwamba kushiriki si jambo jepesi, na kwamba ni lazima ujue unashiriki nini, na nani.

Mzee wa Rulenge

Tumsifu Yesu Kristo, mwanangu Mhazini. Na wewe Mwinjilisti, nakushukuru. Sikuwahi kujua habari ya lile changizo.

Nataka kusema jambo kuhusu mahali jumuiya hizi zilikotoka, kwa sababu vijana wengi wanadhani zilianzishwa ili parokia ipate fedha. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walio katika AMECEA, muungano wa mabaraza yao, walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, walikubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya zile ambamo watu wanaishi na kufanya kazi kila siku, vikundi vidogo kiasi cha mtu kumjua mwenzake. Parokia zetu zilikuwa kubwa mno. Padre alifika kigangoni mara chache kwa mwaka, na mtu aliweza kubatizwa, kuoa na kufa bila Mkristo jirani yake kujua kwamba wote wawili wanapokea Komunyo. Hapa Tanzania mbegu hiyo iliangukia shamba lililokwisha kulimwa, kwani tulikuwa na nyumba kumi kumi za TANU, chama tawala cha wakati ule, na Azimio la Arusha la 1967, na neno ujamaa lilikuwa midomoni mwa kila mtu.

Sisi wa jimbo la Rulenge, kaskazini magharibi mwa Tanzania, tulikuwa na Askofu Christopher Mwoleka. Alikwenda kukaa na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa na kulima pamoja nao, na fundisho lake lilisimama juu ya Utatu Mtakatifu. Alituambia kwamba tumeufanya Utatu kuwa fumbo la kuumizia vichwa, watatu katika mmoja na mmoja katika watatu, wakati Mungu ametufunulia Utatu ili tuuige: Baba, Mwana na Roho wanashirikiana uzima wote bila mmoja kubakiza chochote kwa ajili yake peke yake, nasi tunaitwa kuishi hivyo hapa duniani, kwa jembe na kwa chakula. Niliposikia hayo nikiwa kijana niliona ni maneno makubwa mno kwa watu wanaogombana kwa sababu ya mbuzi aliyeingia kwenye mahindi. Baadaye nikaelewa kwamba mbuzi yule ndiye alikuwa mtihani wenyewe. Ukitaka kujua kama watu wana ushirika, usiwasikilize wanavyoimba. Tazama wanavyolimaliza shauri la mbuzi.

Miaka ile mtu akiugua tuligawana siku za kumlimia. Hatukuandika popote, lakini kila mtu alijua zamu yake.

Msomaji Mkaidi

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, naomba kupinga kidogo, maana tukiendelea hivi tutajikuta tunalilia zamani ambayo wengine walikimbia.

Mzee ametaja ujamaa. Ni kweli kwamba vijiji vya mwanzo vilikuwa vya hiari, na ndani yake walikuwamo watu wa imani kubwa. Lakini mwaka 1973 ilitolewa amri kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 kila mtu wa mashambani awe anaishi kijijini, na familia nyingi zilihamishwa kwa nguvu, wengine nyumba zao zikiwa zimeng'olewa mapaa. Mwaka huohuo wa 1976 serikali ikavivunja hata vyama vikuu vya ushirika ambavyo Mwinjilisti amevisifu, ikabidi sheria ya 1982 ivirudishe. Ninachosema ni kwamba maisha ya pamoja yakishapewa mgambo hayawi maisha ya pamoja tena, yanakuwa kambi.

Na Maandiko yanakubaliana nami. Watu hupenda kusoma Matendo 2 na 4, mahali panaposema kwamba waamini walikuwa na vitu vyote shirika, halafu wanairuka sura ya 5. Petro hamlaumu Anania kwa kubakiza fedha. Anamwambia waziwazi kwamba kiwanja kilikuwa chake kabla ya kukiuza, na hata baada ya kukiuza thamani yake ilikuwa mikononi mwake. Kosa lake ni kujionyesha kwamba ametoa yote. Paulo naye anawaambia Wakorintho kwamba mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima.

Basi nimuulize Mhazini: barua ya jumuiya inayozuiliwa mpaka deni lilipwe, hiyo si lazima? Mtoto anayengoja ubatizo amekosa nini? Nimeishi katika jumuiya mbili za aina hiyo, na nimejiondoa katika zote mbili. Naenda Misa, narudi nyumbani, nasali na mke wangu na watoto wangu. Wala msiniambie kwamba sina ushirika, kwa kuwa ninampa jirani yangu Mwislamu chumvi naye ananipa moto, na hatujawahi kuandikiana deni.

Mjukuu wa Ndugu

Nawasalimu nyote kutoka Kenya. Mimi ni Mwanglikana, na nyanya yangu alikuwa mmoja wa wale walioitwa ahonoki katika Gikuyu, watu wa Uamsho. Uamsho huo ulitokea Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, baada ya daktari Joe Church na Simeoni Nsibambi kukutana Kampala mwaka 1929, kisha ukaenea mpaka Kenya na Tanganyika. Nauleta kwa sababu hapa mmezungumza sana kuhusu mali, na watu wa Uamsho walikuwa na ushirika wa namna nyingine ambao nadhani ni mgumu kuliko wa mali.

Walikutana kila juma, na jambo la kwanza halikuwa somo wala mchango. Mtu alisimama na kutaja dhambi yake kwa jina: nimemdanganya bwana shamba, nimemchukia mke mwenza wa mama yangu, nimeiba vipimo dukani. Waliita kutembea nuruni. Kisha wenzake walimwimbia Tukutendereza, wimbo wa sifa wa Kiganda, naye akaondoka akiwa amefunguliwa, na kesho yake akaenda kurudisha alichoiba. Nyanya alisema kwamba uso ukishamwaga machozi mbele ya watu hauwezi tena kujikunja mbele yao kwa kiburi. Ushirika huo ulivuka kabila kwa namna iliyowashangaza wengi. Na vita vya Mau Mau dhidi ya wakoloni vilipokuja mwaka 1952, ndugu wengi, kama watu wa Uamsho walivyoitana, walikataa kula kiapo, wakieleza kwamba wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kushiriki nyingine, na baadhi yao waliuawa kwa sababu hiyo. Hawakuwa na barua ya jumuiya. Walikuwa na watu wanaojua kila kitu kuwahusu.

Nikubali pia upande wa pili, kwa sababu Msomaji Mkaidi hataniacha. Nuru hiyo iliweza kugeuka kuwa tochi ya askari. Nyanya huyohuyo alikaa mwaka mzima bila kuzungumza na dada yake kwa sababu dada alikataa kuungama jambo ambalo ndugu walikuwa wamekata shauri kwamba amelitenda. Na katika kundi dogo, atakayeona kwamba anaonewa atamwendea nani?

Lakini kwako Msomaji: chumvi na moto ni ujirani mwema, na ninausifu. Ushirika ninaousikia katika hadithi za nyanya ulikuwa na kitu ambacho jirani mwema hana ruhusa nacho, yaani kuingia ndani na kuniuliza kwa nini sijaonekana miezi saba.

Msomaji Mkaidi

Dada Mjukuu, hilo la mwisho nimelipokea. Lakini tazama pia kwamba katika jumuiya ya Mhazini ruhusa hiyo ipo, na hakuna aliyeitumia.

Mwinjilisti Mstaafu

Ndiyo. Kwa hiyo turudi mezani, maana tumeizunguka meza bila kuketi. Katika 1 Wakorintho 11 Paulo anawaambia watu wa Korintho kwamba kukutanika kwao hakuna faida bali hasara, na sababu anayoitoa ni ya jikoni: kila mmoja anatangulia kula chakula chake, huyu ana njaa na huyu amelewa. Wasomi wengi wanaona kwamba wenye nafasi walifika mapema, na vibarua na watumwa wakafika baada ya kazi na kukuta sahani tupu. Paulo anaona kwamba kwa kufanya hivyo wanawatahayarisha wasio na kitu, na kwamba meza ya namna hiyo si chakula cha Bwana hata kama maneno yote yametamkwa sawasawa. Dawa anayoitoa mwishoni ina neno moja ambalo nalipenda sana katika Kiswahili: mngojane.

Mhazini, mnakutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Muuza vitumbua saa hiyo yuko wapi?

Mhazini wa Jumuiya (mtoa mada)

Mwinjilisti, swali lako nililisoma Jumatano usiku nikaona aibu, kwa sababu mimi mwenyewe hununua vitumbua njiani ninapokwenda jumuiya, kwa mtu mwingine.

Nawashukuru nyote, na naomba niwaeleze kilichotokea. Alhamisi jioni nilikwenda kwa yule mama. Kwanza ilinibidi nimuulize mtoto wa jirani mlango ni upi. Tuna kaya ishirini na tatu katika daftari, na nilipokaa kuhesabu nikagundua kwamba nyumba ninazozijua ni tisa tu, zile zenye ukumbi wa kutosha kupokea jumuiya. Yu mzima, ingawa mguu wake ulikuwa umevimba tangu mwezi wa pili na bado anachechemea. Kabla ya kunikaribisha ndani aliuliza kama nimekuja na daftari. Nikamwonyesha mikono mitupu. Akacheka, akanipa kigoda, yeye akakaa juu ya ndoo.

Sababu ya kutoonekana kwake haikuwa mguu, wala haikuwa saa, ingawa Mwinjilisti amekisia vyema kwamba saa hiyo yuko kwenye karai la mafuta. Alisema kwamba mwaka jana zamu ya kupokea jumuiya ilipomkaribia, mtu mmoja alimwambia kwa upole kwamba zamu yake irukwe kwa sababu chumba chake ni kimoja na watu hawataenea. Tangu siku hiyo akajiona kwamba yeye ni mtu wa kutoa tu na si mtu wa kupokea, na fedha zilipopungua hakubaki na sababu ya kuja. Mzee wa Rulenge, nilikukumbuka wewe na mbuzi wako.

Zamu ile niliiruka mimi. Mwenyekiti aliniuliza kama chumba kinatosha, nami ndiye niliyesema hakitoshi.

Nimezungumza na mwenyekiti kuhusu mambo mawili. La kwanza, majina ya wanaodaiwa yasisomwe tena mbele ya watu. Hilo amelikubali upesi kuliko nilivyotarajia, na akasema hata yeye lilikuwa likimchoma. La pili ni barua ya mjukuu, nalo bado ni gumu. Anasema tukimsamehe mmoja wote watadai kusamehewa, na kwamba parokia itamuuliza yeye na si mimi. Nimemwambia habari ya changizo la Warumi 15 na nikapendekeza deni la miezi saba lilipwe kutoka mfuko wa jumuiya wenyewe, ule tunaoutumia kwa sherehe ya somo wetu. Amesema tulipeleke Jumamosi wanajumuiya waamue. Msomaji Mkaidi atasema, na ana haki, kwamba mtoto hakupaswa kungoja mpaka Jumamosi.

Mama mwenyewe hajaahidi kurudi. Ameuliza kama tunaweza kukutana Jumapili jioni badala ya Jumamosi asubuhi, na kama ni kweli watu watakubali kukaa nje, kwa kuwa ua ni wa wapangaji wote na lazima aombe ruhusa kwa mwenye nyumba. Nimemwambia mikeka tutakuja nayo sisi. Mzee, kama una ushauri kuhusu namna ya kulipeleka shauri hili mbele ya watu bila kumtaja jina, nitaushukuru uufikishe kabla ya Ijumaa.

Mzee wa Rulenge

Usimtaje. Anza kwa kutaja jina lako, ile habari ya chumba. Kisha nyamaza, umwache mwingine aseme.